Kwa nini watatu wote walizaliwa Tiruvarur

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari za jioni. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti ameshanikonyeza, manake anajua dakika arobaini za mpiga fidla ni saa moja na nusu za watu wengine, kwa hivo nianze.

Nimekuja kuwaeleza mji mdogo wa hekalu kusini mwa India, Tiruvarur, walikozaliwa watunzi watatu wakubwa kabisa wa muziki wa kule. Najua mnajiuliza, huyu mtu wa fidla na mahekalu ya India wapi na wapi. Sababu ni mama. Mwaka juzi mama alikwenda Chennai kufanyiwa operesheni ya moyo, kama wanavokwenda wengi kutoka kwetu, na mi ndo niliemsindikiza. Operesheni ikaenda vizuri alhamdulillahi, ila akaambiwa akae karibu na hospitali wiki tatu nyingine, dada yangu akaja kunipokea zamu, basi nikabaki mtu mzima sina kazi, mji siujui, lugha siijui. Pale nyumba ya wageni palikuwa na mzee mmoja mstaafu wa reli, akaona kisanduku cha fidla, akaniuliza napiga muziki gani. Nikampigia bashraf kidogo, ule muziki wa kufungulia taarabu usio na maneno. Akasikiliza mpaka mwisho, hakutikisa hata kichwa, alafu akasema: wewe ukirudi kwenu bila kufika Tiruvarur, utakuwa umekuja kutazama hospitali tu.

Nikapanda treni ya usiku pale stesheni ya Egmore, kama kilomita mia tatu kwenda kusini, na alfajiri nikashuka kwenye kimji ambacho ukikiona hivi hivi utasema ni mji wa soko tu, bajaji zinapiga honi, vikahawa vinauza idli, ambazo ni kama vitumbua vilivopikwa kwa mvuke badala ya mafuta, na mchuzi wa dengu. Huku kwetu pwani India tunayoijua ni mbili, ile ya madukani ya Wagujarati na Wakachi tuliokua nao mtaa mmoja, na ile ya sinema, ambayo marehemu Juma Bhalo kule Mombasa alizichukua tuni zake akazivisha Kiswahili mpaka watu wakasahau zilipotoka. Hii ninayowaeleza ni ya tatu. Ni India ya Kitamil, ukimsemesha mtu Kihindi cha kwenye sinema anakutazama kama mnavonitazama mimi.

Sasa Watamil wana msemo wao mmoja kuhusu wokovu wa roho. Wanasema kuna miji inayomfikisha mtu, na kila mmoja una sharti lake: Kashi, yaani Varanasi, ni lazima ufie pale, Chidambaram ni lazima uione kwa macho, Tiruvannamalai inatosha kuikumbuka tu, na Tiruvarur ni lazima uwe umezaliwa pale. Yule mzee wa reli aliponambia nilicheka, nikamwambia hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, kufa unaweza kupanga, kukumbuka unaweza kukumbuka, lakini kuzaliwa utarudi vipi ukazaliwe upya?

Na hapo ndo penye jambo lenyewe. Muziki wa kusini mwa India, huo wanaouita Karnatiki, una watu watatu ambao wote wanaoimba leo wanakula kwenye sahani yao. Syama Sastri kazaliwa 1762. Tyagaraja kazaliwa 1767. Muthuswami Dikshitar kazaliwa 1775. Miaka kumi na tatu kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, na wote watatu Tiruvarur, nyumba zao ziko mitaa ile ile ya kuzunguka hekalu, unazitembelea zote kwa miguu kabla jua halijawa kali. Ukiuliza pale imekuwaje wanakwambia ni baraka za mungu wa hekalu. Wengine wanakwambia bahati. Mi nimesimama hapa kuwaambia haikuwa bahati. Ilikuwa mpunga.

Ndio, mpunga, msicheke. Tiruvarur iko kwenye delta ya mto Kaveri, nchi tambarare kabisa, maji yanagawanywa kwa mifereji tangu zama za kale, na ile delta ndo ghala la chakula la kusini. Wafalme wa Chola walioitawala miaka elfu moja iliyopita walichukua ule mpunga wakaumimina kwenye mahekalu, na hekalu halikuwa mahali pa kusali tu, lilikuwa na mashamba, lilikuwa na ghala, na lilikuwa mwajiri. Rajaraja wa Kwanza alipojenga hekalu lake kubwa Thanjavur, mji wake mkuu, likamalizika 1010, alichonga ukutani, kwenye jiwe, orodha ya wafanyakazi, na ule ukuta mpaka leo unasomeka. Wachezaji wanawake mia nne, kila mmoja na jina lake, na nyumba aliyopewa imetajwa iko safu ipi mtaa upi, na fungu lake la mpunga la mwaka. Na waimbaji arobaini na nane wa nyimbo za dini, na wapiga ngoma wawili wa kuwafuata. Wale wanawake aliwakusanya kutoka mahekalu mbalimbali ya nchi, na jina la Tiruvarur linarudi mara nyingi kwenye ile orodha, yaani wakati ule mji huu ulishakuwa na wachezaji wa kutosha mpaka mfalme akaja kuazima. Hebu nyie wanamuziki wenzangu, nani hapa anajua fungu lake la mpunga la mwaka ni kiasi gani? Basi.

Na sisi tusijione hatumo. Taarabu yetu nayo si tunahadithiwa ilianzia kwa Sayyid Barghash, aliempeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi? Muziki mkubwa una mtu nyuma anaelipa chakula. Tofauti ni kwamba sultani akiondoka anaondoka na karamu yake, lakini hekalu lile lililipa karne baada ya karne, wafalme wakibadilika, Wachola wakaenda, wakaja wengine, mwisho wakaja Wamaratha, watu wa magharibi mwa India, waliotawala Thanjavur mpaka katikati ya karne ya 19, na zumari la alfajiri likawa linapigwa vile vile.

Lenyewe hekalu niwaeleze kidogo. Watu wa pale wanasema hekalu veli tano, birika veli tano, na veli moja ni zaidi ya ekari sita, kwa hivo piga hesabu, hekalu kama ekari thelathini na tatu na birika lake nje yake ukubwa sawasawa. Nikisema birika msifikirie birika la kutilia udhu. Ni ziwa la kuchimbwa, lina ngazi za mawe pande zote, na katikati kabisa pana kihekalu kidogo kama kisiwa. Linaitwa Kamalalayam. Mungu mkubwa wa pale ni Shiva, na ana sehemu mbili: ya zamani zaidi anaitwa bwana wa kichuguu, ndio, kichuguu cha mchwa, na ya pili ndo maarufu, anaitwa Tyagaraja, huyu mungu, si yule mtunzi. Sanamu ya Tyagaraja inafunikwa maua na nguo, unaona uso tu. Mguu wake unaoneshwa kwa siku maalumu mbili tu kwa mwaka, na siku hizo mji haupitiki. Mimi mwislamu, nilikomea pale mgeni anapokomea, na sikuona sababu ya kulalamika, hata kwetu kuna mahali mgeni anavua viatu na mahali anabaki nje.

Lakini kuna jambo moja la ule mungu lilinishika kama mwanamuziki. Wanasema anacheza dansi, na dansi yake haina ngoma, haina wimbo, anacheza kwa pumzi za Vishnu, mungu mwingine mkubwa wa Wahindu, anapanda anashuka juu ya kifua chake kama kifua cha mtu aliyelala. Siku anapobebwa nje wabebaji wanamtembeza hivo hivo, kwa mwendo wa pumzi. Kila mwanafunzi wa udi hapa ameambiwa na mwalimu wake asikilize pumzi kabla ya kupiga. Kule wameifanya pumzi ni mungu.

Na sio wao watatu waliouanza huo mji kwa nyimbo. Karne kama ya 7 na ya 8 huko walikuwepo washairi waliokuwa wakizunguka hekalu moja baada ya jingine wakiimba kwa Kitamil, na mmoja wao, Sundarar, mkewe alikuwa mchezaji wa Tiruvarur anaitwa Paravai. Hadithi yake mnaipenda, niseme haraka. Alipewa dhahabu mji wa mbali, akaogopa majambazi njiani, Mungu akamwambia itupe mtoni huko huko utaikuta kwenye birika la Tiruvarur. Akaitupa. Akarudi, akazama birikani, mkewe amesimama kwenye ngazi anamtazama anavopapasa matope. Haipo! Akaimba mpaka ikapatikana. Benki ya kwanza ya kutuma pesa kwa simu, nilimwambia yule mzee, hakucheka. Nyimbo za wale washairi bado zinaimbwa hekaluni kila siku na waimbaji maalumu wanaoitwa oduvar, kwa hivo mtoto aliezaliwa mitaa ile karne ya 18 alikuwa ameshasikia melodi za miaka elfu moja kabla hajajua kutembea.

Alafu pana ngoma. Tiruvarur wana ngoma inaitwa panchamukha vadyam, chungu kikubwa cha shaba nyeusi chenye midomo mitano, kila mdomo umewambwa ngozi, mitano kwa sababu Shiva ana nyuso tano. Mpigaji ni mmoja. Mdomo wa katikati unanguruma, ya pembeni inajibu, na ukiwa umekaa nyuma ya nguzo humuoni utaapa kwamba ni watu watatu.

Na zumari! Maalim, wewe wa zumari, nimekuja na salamu zako. Wanaita nagaswaram. Ni ndugu wa zumari letu kabisa, mwanzi wa ndimi mbili mdomoni, bomba la mti, mdomo wa chini umepanuka kama tarumbeta. Ila letu hili tunalopiga kwenye harusi na ngoma ni mtoto mbele ya lile, bomba lake ni karibu mita nzima, tundu saba za vidole na chini kuna tundu nyingine tano ambazo hazipigwi, zinazibwa kwa nta kidogo kidogo mpaka sauti ikae. Nilipewa nipulize. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba, ikatoka sauti ya bata mgonjwa, watoto wakakimbia kuwaita wenzao waje waone. Anaepiga nagaswaram anafuatwa na ngoma inaitwa thavil, mkono mmoja na kijiti, mkono wa pili vidole vimevishwa vifuniko vigumu kama vya mshonaji, na huo mlio ukiupiga ndani ya ukumbi mdogo kama huu dari linashuka. Ni ala ya nje, ya uani, ya msafara. Mungu anaamshwa nayo, analishwa nayo, analazwa nayo, na kila saa ina ragamu yake, ambayo ragamu ni kama maqamu yetu, yaani mpangilio wa sauti wa kutungia tuni, kwa hivo mtu wa mtaa hakuhitaji saa ya ukutani. Anasikia ragamu ya alfajiri anajua ng'ombe akamwe.

Sasa mnaniona ninapokwenda. Mtoto anazaliwa kwenye mji ambao kila siku ya Mungu, saa zile zile, bila kiingilio, anasikia muziki bora wa nchi nzima, na mpigaji akikosea sauti hata muuza maua anamtazama. Hapo mia wakizaliwa, watatu watatokea.

Niwasemee hao watatu. Wa kwanza, Syama Sastri, kwao walikuwa makuhani wa sanamu ya dhahabu ya mungu mke Kamakshi, na ile sanamu ilitolewa Kanchipuram kwa kukimbia vita, ikahamishwa mji kwa mji, ikafika Tiruvarur ikakaa miaka na makuhani wake, ndo yeye akazaliwa pale. Baadae majeshi ya Hyder Ali, mtawala wa Mysore, yalipovamia ile nchi, sanamu ikahamishiwa Thanjavur, nayo familia ikafuata. Mtoto wa wakimbizi kwa lugha ya leo. Nyimbo zake ni chache kuliko za wenzake, ila kwa mapigo hakuna aliemfikia, anaweza kukupangia mapigo saba yakageuka ndani yao mpaka mpiga ngoma anahesabu kwa vidole vya miguu.

Wa pili, Tyagaraja, jina lenyewe amepewa la mungu wa Tiruvarur, na nyie wajanja mtaniambia alihama akiwa mdogo akaishi maisha yake yote Thiruvaiyaru, ukingoni mwa Kaveri. Kweli. Lakini Thiruvaiyaru ni delta ile ile, mpunga ule ule. Huyu ndo mpendwa wa watu. Alikuwa anaimba mitaani, watu wanamtilia mchele kwenye chombo, na siku hiyo ndo anakula huo. Inasimuliwa mfalme wa Thanjavur alimwita akaimbe kwenye kasri apewe mali, akakataa, kaka yake akakasirika, yaani umaskini huu wote na wewe unakataa dhahabu? Akaichukua sanamu ya mungu Rama aliyokuwa anaiabudu mdogo wake akaitupa mtoni. Nikasema kumbe kila mwanamuziki ana ndugu wa aina hiyo.

Wa tatu, Dikshitar, ndo wangu mimi. Nitasema kwa nini. Baba yake, Ramaswami Dikshitar, alikuwa mtunzi wa pale pale Tiruvarur, na alibuni ragamu mpya inaitwa Hamsadhwani, sauti tano tu, safi kama maji ya kisima, leo inapigwa India nzima mpaka kaskazini. Mwanawe akatunga kwa Kisanskriti, taratibu, sauti inavutwa na kukunjwa, wimbo wake mmoja ni kama kulizunguka hekalu kwa miguu mitupu mchana. Na kwa mungu mke wa Tiruvarur, Kamalambika, alitunga mfululizo mzima, wimbo kwa kila siku ya sikukuu ya usiku tisa, na mwanafunzi wake mmoja mpiga ngoma wa hekalu alipougua tumbo, inasemekana ndo sababu iliyomfanya atunge nyimbo za sayari, aziimbe apone. Sasa familia hiyo iliwahi kukaa karibu na Madras, ndo Chennai ya leo, kwa tajiri mmoja, wakati Waingereza wako pale na ngome yao, na bendi ya jeshi inapiga. Mnadhani hawa watu wa hekalu waliziba masikio? Dikshitar alizichukua tuni za bendi akazitilia maneno ya Kisanskriti ya kumsifu mungu, kama nyimbo arobaini hivi, na mmoja una tuni ya wimbo wa taifa wa Waingereza! Mfalme wao anaombewa na bendi, yeye tuni hiyo hiyo anamuombea mungu wake.

Na mdogo wake, Baluswami, akaitazama ile fidla ya Wazungu, akajifunza kwa mtu wa bendi, akaileta nyumbani. Huyo ndo mtu aliyeiingiza fidla kwenye muziki wa Karnatiki. Mpaka leo, miaka mia mbili, hakuna mwimbaji wa kule anaekaa jukwaani bila fidla pembeni. Ila walivoifanya sasa! Hawapigi wakiwa wamesimama, hawaibani kidevuni. Wanakaa chini mkeka mmoja na mwimbaji, mguu wa kulia umenyooshwa mbele, kichwa cha fidla kinatua kwenye kifundo cha mguu, upande wa pili unaegemea kifuani, basi mkono wa kushoto uko huru kabisa, unateleza juu ya waya kama mtu anaepaka mafuta. Ndo maana wanaweza kuikunja sauti vile. Mi nimepiga fidla miaka thelathini naibeba kama mzigo, kumbe mtu mwingine aliiweka chini ikawa huru. Wanafunzi wa Dikshitar waliendelea nayo, mmoja wao Vadivelu, mfalme wa Travancore akamzawadia fidla ya pembe za ndovu mwaka 1834.

Kuna kitu kimoja hapo kinawauma Watamil na wana haki. Watatu wote wazaliwa wa mji wa Kitamil, lakini Syama Sastri na Tyagaraja wametunga zaidi kwa Kitelugu, na Dikshitar kwa Kisanskriti. Miaka ya 1940 watu wakaanzisha harakati kudai nyimbo za Kitamil nazo ziimbwe majukwaani, sio mwisho mwisho watu wakitafuta viatu. Nilipoelezwa hilo nikamkumbuka Siti binti Saad wetu, manake hata huku taarabu ya kasri ilikuwa Kiarabu, mpaka alipokuja mtoto wa Fumba akaimba kwa lugha ya mama yake. Huyo Siti mmkumbuke, nitamrudia.

Gari sasa, nalo nilitaje kwa sababu mkienda mtaliona. Mungu wa Tiruvarur ana gari lake la mbao, wanaliita Azhi Ther, likipambwa kwa mianzi na vitambaa linafika futi tisini na sita na uzito karibu tani mia tatu, hakuna hekalu jingine jimbo zima la Tamil Nadu lenye gari kubwa hivo. Linakokotwa kwa kamba na maelfu ya watu mwezi wao wa Panguni, kama Machi au Aprili, wakipiga kelele Arura, Tyagesa! Mimi nilifika Januari, nililikuta limesimama tu kama jahazi lililopandishwa pwani. Lilishaungua miaka ya 1920 likajengwa upya, alafu tangu mwisho wa miaka ya 1940 likasimama miaka zaidi ya ishirini haliendi popote. Aliefanya litembee tena, 1970, ni waziri kiongozi wa jimbo wa wakati ule, marehemu M. Karunanidhi, mtu wa kijiji cha jirani, aliesoma skuli pale Tiruvarur, na mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba skuli walipomkatalia nafasi aliwatishia atajitosa kwenye lile birika. Na mjue Karunanidhi hakuamini mungu yeyote, chama chake kilikuwa kinawacheka makuhani hadharani. Lakini gari la mji wake lisimame? Haiwezekani. Siku hizi lina breki za kisasa na nyuma linasukumwa na matingatinga, mbele bado ni kamba na mikono.

Nimewaambia hekalu lilikuwa mwajiri. Sasa sikilizeni lilivowafanyia baadhi ya waajiriwa. Wale wachezaji wanawake, devadasi, karne na karne ndo waliobeba dansi na nyimbo, walijua kusoma wakati wanawake wengine hawajui, walimiliki mali. Waingereza walipokuja na heshima zao, na matajiri wapya wa mjini wakazivaa heshima hizo, ghafla wale wanawake wakawa aibu. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kabisa mtoto wa kike kutolewa hekaluni, na sisemi kwamba yote yaliyokuwa yakiwapata yalikuwa mazuri, hapana, kulikuwa na dhulma kubwa. Ila muziki wao ulichukuliwa ukasafishwa ukawekwa majukwaani na wenyewe wakaambiwa wakae nyuma.

Mmoja hakukaa. Bangalore Nagarathnamma, kazaliwa 1878, mama yake devadasi. Alikuwa mwimbaji mkubwa Madras, sauti yake iko kwenye santuri. Mwaka 1910 alichapisha upya kitabu cha mashairi ya mwanamke wa zamani, devadasi mwenzake, kwa sababu wanaume walikichapa wakakata beti. Serikali ikakipiga marufuku hicho chake, akapambana. Miaka ya 1920 akasikia kaburi la Tyagaraja kule Thiruvaiyaru limeota magugu. Lile kaburi la huyu mtu ambae muziki wake kila mtu anajidai nao! Wanaume walikuwa wana makundi mawili ya kumkumbuka kila mwaka na makundi hayasemezani, na kote kuwili mwanamke haruhusiwi kuimba. Nagarathnamma akanunua kiwanja, akajenga hekalu dogo juu ya kaburi, kwa pesa yake, na mapambo yake yakaingia humo. Alafu siku ya kumbukumbu wakamwambia asante, lakini kuimba hapana. Akakusanya wanawake, wakaenda kuimba upande wa nyuma. Kundi la tatu. Wakabishana miaka, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940 makundi yakaungana na wanawake wakakaa pamoja na wote.

Wakati huo huo, upande wa pili wa bahari hii hii, Siti binti Saad, umri wao unakaribiana kabisa, mtoto wa maskini, muuza vyungu, walimtungia mpaka nyimbo za kumcheka sura na nasaba, na 1928 akapanda meli kwenda Bombay akarekodi santuri. Nagarathnamma amefariki 1952, Siti 1950. Hawakuonana. Nilikaa kwenye treni nawafikiria hawa wawili mpaka nikapitiliza kituo.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kwenda Thiruvaiyaru, manake bahati yangu ilikuwa ni siku zenyewe za kumbukumbu. Mnafika asubuhi, ukingo wa mto, banda kubwa la makuti, mamia ya waimbaji wamekaa chini kwenye mchanga, wanaume safu mkono huu wanawake safu mkono ule, wanatazamana, na wote pamoja wanaimba zile nyimbo tano za Tyagaraja zinazoitwa vito vitano. Hakuna anaeongoza ukamuona. Fidla kama thelathini zimelala kwenye vifundo vya miguu. Wa mwisho katika hivo vitano ndo ule wa kuwasalimu wakubwa wote, maneno yake ya mwanzo ni kwamba wakubwa ni wengi, na salamu zangu kwao wote. Nagarathnamma ana kaburi lake pale pale, sanamu yake imekaa inamtazama Tyagaraja, mikono imekutanishwa. Wimbo ulipokwisha wanaume waliinuka wakaenda kwa Tyagaraja, na kina mama kadhaa wakageuka upande wa pili wakaenda kwake yeye na maua ya asmini.

Nilimpigia mama simu kutoka pale nje, akasikia kelele, akauliza kama ni harusi.

Basi, nimeshapitisha muda, mwenyekiti ananitazama. Ila siwezi kusimama hapa nikasema fidla nusu saa nzima bila kuipiga. Naomba mkeka. Hapana, kiti nyanyua. Maalim, nishikilizie waya wa chini, sauti moja tu, usibadilishe chochote. Nitawapigia Hamsadhwani, sauti tano, ya yule baba wa Tiruvarur, na nitaipiga chini, mguu umenyooshwa, na nikikosea mjue mguu bado haujazoea.